Harufu ya Siku Mbili

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi rangi mjini Tanga kwa zaidi ya miaka 30. Alipiga rangi milango, madirisha, mageti ya chuma na madawati, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya kwa rangi ya mafuta, akiikoroga na thina mpaka iteleze kwenye brashi kama alivyotaka. Jioni harufu yake ilimtangulia mlangoni. Siku alizofanya kazi ndani ya vyumba, mwenye kazi alimpa maziwa, kwa imani ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu wataitambua, kwamba maziwa huosha kifua na kuondoa sumu ya rangi. Alipokaribia miaka 60 alianza kupotewa na majina: kwanza ya majirani, kisha ya wajukuu. Tulisema ni uzee. Sidai kwamba ni rangi iliyomfanya hivyo. Siwezi kudai, kwa sababu kila tulikompeleka kutibiwa hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani.

Nilimkumbuka mwezi uliopita, ukumbi wa ofisi zetu chuoni ulipopigwa rangi katikati ya wiki ya mitihani. Milango na dari vilipigwa rangi ya mafuta, madirisha yakiwa yamefungwa ili vumbi lisiingie. Wanafunzi wawili waliomba kuhamishiwa chumba kingine kwa maumivu ya kichwa. Nilipomuuliza msimamizi wa kazi, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, harufu hii ni ya siku mbili tu."

Jibu hilo limenisumbua kuliko harufu yenyewe. Siku ya tatu harufu huwa imekwenda wapi? Swali hili lina historia ndefu, na ningependa tuipitie, kwa sababu ni historia ya namna jambo linaloonekana kuwa dogo na la kupita linavyogeuka kuwa hoja ya sheria, mahakama na siasa.

Tuanze na kopo lenyewe. Rangi yoyote ya nyumba ina mambo matatu makubwa: unga wa rangi, gundi inayoushika unga huo ukutani, na kimiminika kinachoifanya gundi ienee kisha kitoweke. Katika rangi ya mafuta kimiminika hicho ni kiyeyushi kinachotokana na petroli au miti, kama vile tapentaini na thina. Katika rangi ya maji, kimiminika kikubwa ni maji, na gundi huelea ndani yake kama matone madogo ya mafuta yanavyoelea ndani ya maziwa. Lugha yetu, kwa hakika, imezitofautisha aina hizi mbili vizuri kuliko makopo mengi yanavyozitofautisha. Tunachokiita kukauka kwa rangi huanza kwa kuhama. Lita moja ya rangi ya mafuta ya mtindo wa zamani inaweza kuachia gramu 400 za kiyeyushi, na zote huingia hewani: kwanza katika kifua cha fundi, kisha chumbani, kisha mjini. Harufu ikiisha, kiyeyushi kimekwisha kuondoka ukutani. Hakijaisha duniani.

Watu wa kwanza kulazimika kukifuatilia huko nje walikuwa wakazi wa Los Angeles, nchini Marekani. Mwezi Julai 1943, vita vya pili vya dunia vikiendelea, ukungu mzito wa moshi uliufunika mji huo mchana kweupe. Watu walitokwa na machozi barabarani, na wengine walidhani adui amewashambulia kwa gesi. Lawama ziliangukia kiwanda kimoja cha Mtaa wa Aliso kilichotengeneza butadaini, malighafi ya mpira wa kutengenezwa uliohitajika sana vitani. Kiwanda kilifungwa kwa muda. Ukungu ukabaki pale pale.

Aliyelifumbua fumbo hilo hakuwa mtaalamu wa moshi. Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya California, alikuwa akichunguza kinacholipa nanasi ladha na harufu yake. Mtu aliyezoea kukamata harufu ya nanasi na kuitenganisha katika viambato vyake aliweza pia kukamata hewa ya mji. Alichokionyesha, na kukichapisha kwa ukamilifu mwaka 1952, ni kwamba ule ukungu haukutoka katika bomba lolote ukiwa tayari umeiva. Uliivia angani. Mivuke ya haidrokaboni ikikutana na oksidi za naitrojeni kutoka katika injini na matanuri, kisha ikapigwa na jua kali, huzaa ozoni, gesi inayochoma macho na mapafu na kuupasua mpira wa matairi. Kampuni za mafuta zilifadhili watafiti waliompinga kwa miaka kadhaa. Yeye aliendelea, na hatimaye akawa mwenyekiti wa kwanza wa Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, mpaka Gavana Ronald Reagan alipomwondoa mwaka 1973.

Uzito wa ugunduzi huo kwa mpaka rangi ni huu: kama ukungu hupikwa angani kutokana na mivuke, basi kila mvuke ni mshukiwa. Gari na kiwanda cha mafuta ndivyo vilivyokuwa washukiwa wakubwa, lakini ukuta uliopigwa rangi asubuhi nao ulikuwa ukichangia kimyakimya.

Hapa historia ina kejeli yake ambayo siwezi kuipita. Butadaini ile ile iliyosingiziwa mwaka 1943 ndiyo iliyochanganywa na staireni kupata mpira wa wakati wa vita, na vita vilipokwisha, wenye viwanda wakabaki na utaalamu mwingi na soko dogo. Mwaka 1948 kampuni ya Glidden ikaanza kuuza Spred Satin, rangi ya maji ya ndani ya nyumba iliyotumia utomvu wa butadaini na staireni kama gundi. Mwaka 1953 kampuni ya Rohm and Haas ikaleta gundi ya akriliki iliyostahimili jua na mvua vizuri zaidi, na rangi ya maji ikaanza kutoka nje. Kwa hiyo dawa na lawama vilitoka katika malighafi moja. Jambo la kukumbuka ni kwamba mwanamke wa Marekani aliyenunua Spred Satin hakuinunua kwa ajili ya hewa ya mji. Aliipenda kwa sababu ilikauka upesi, haikumuumiza kichwa, na brashi ilioshwa kwa maji ya bomba. Soko peke yake liliweza kuifikisha rangi ya maji katika kuta za sebule. Milango, madirisha, vyuma na mbao za nje vilibaki kwa rangi ya mafuta kwa miaka mingi, na hapo ndipo sheria ilipolazimika kuingia.

Mwaka 1966 wilaya ya Los Angeles ilipitisha Kanuni ya 66, ambayo ndiyo mama wa sheria zote za viyeyushi. Walioitunga walikuwa na hoja ya kisayansi iliyopangika: viyeyushi havilingani kwa ukali, vingine hupika ozoni upesi na vingine polepole, basi tuvibane vile vya upesi. Viwanda vikatii. Viliondoa kiyeyushi kilichobanwa, vikaweka ambacho hakikubanwa, na kopo likaendelea kuachia gramu zile zile. Baadaye wachunguzi waliona kwamba mvuke wa polepole nao hupika ozoni, ila huipika mbali, siku ya pili au ya tatu, upepo ukiwa umeusukuma mpaka kwa jirani. Mwaka 1977 serikali kuu ya Marekani iliyashauri majimbo yake yabane jumla ya mivuke badala ya kuchagua machache, ikiacha nje viambato vichache tu vilivyodhaniwa havina madhara. Miwili kati ya hivyo ilikuwa metili klorofomu na moja ya gesi za freoni. Zote mbili ziligunduliwa kuwa zinaharibu tabaka la ozoni la juu, lile linalotukinga na miale ya jua, na zikapigwa marufuku kwa Itifaki ya Montreal. Nawaambia wanafunzi wangu wa sera kwamba kama wana nafasi ya kusoma kanuni moja tu ya mazingira, wasome hii, waone namna utii kamili wa sheria unavyoweza kuishi pamoja na kushindwa kwake.

Mwaka huo huo wa 1977 mamlaka mpya ya hewa ya eneo la Los Angeles ilipitisha Kanuni ya 1113, na hii ilikuwa na lugha nyingine: gramu kwa lita. Haikuuliza ni kiyeyushi gani, iliuliza ni kiasi gani. Kiwango kilishushwa kwa awamu, tarehe zikitangazwa miaka mingi kabla. Kwa rangi za kuta zisizong'aa, kilifika gramu 100 mwaka 2001, na gramu 50 mwaka 2008. Linganisha na sheria ya Marekani nzima ya mwaka 1998, ambayo iliruhusu gramu 250 kwa rangi za aina hiyo na 380 kwa zinazong'aa.

Wenye viwanda walikwenda mahakamani, tena zaidi ya mara moja. Hoja zao zinastahili kusikilizwa kwa sababu hazikuwa za kipuuzi. Walisema rangi mpya ni nzito, hivyo fundi ataiongezea thina kwa siri. Walisema haifuniki vizuri, hivyo ataipiga mikono mitatu badala ya miwili. Walisema itachunika mapema, hivyo nyumba itapigwa rangi mara nyingi zaidi, na mwisho wa hesabu hewa itachafuka kuliko awali. Yeyote aliyewahi kukaa na mafundi anajua kwamba thina ya siri si hadithi ya kutunga. Kasoro ya hoja hizo ni kwamba zilipimika, na kila zilipopimwa kwa rangi mpya za miaka iliyofuata zilipungua nguvu, ilhali zilirudiwa kwa maneno yale yale.

Kesi iliyofika mbali zaidi ilihusu neno moja. Sheria ya California iliitaka mamlaka itumie teknolojia bora "inayopatikana". Chama cha watengeneza rangi kikadai kwamba inayopatikana maana yake iliyopo sokoni leo, na mahakama ya rufani ikakubaliana nacho. Mwezi Juni 2012 Mahakama ya Juu ya California ilitengua uamuzi huo, ikasema teknolojia inayotarajiwa kwa sababu za msingi kuwa tayari ifikapo tarehe ya utekelezaji nayo inapatikana. Tafsiri hiyo ndiyo iliyoipa sheria meno, kwa maana kama kiwanda kingesubiriwa kigundue kwanza ndipo sheria itungwe, kisingekuwa na haraka ya kugundua.

Kulikuwa na upenyo, kama kawaida. Kanuni iliyaachia makopo madogo yasiyozidi lita moja yauzwe na rangi ya zamani, kwa ajili ya marekebisho madogo ya nyumbani. Baadaye ilibidi iongezewe maneno ya kukataza makopo hayo madogo kufungwa pamoja na kuuzwa kama fungu moja. Msomaji aliyewahi kununua sukari ya kupimwa wakati wa uhaba hahitaji maelezo zaidi.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya hewa ya mji. Fundi mwenyewe amepita katika habari hii kama mtu wa kulaumiwa kwa thina ya siri. Ili kumwona kama mtu mwenye mapafu na kichwa inatubidi twende Skandinavia, ambako swali liliulizwa kutoka upande wa pili.

Mwaka 1976, nchini Uswidi, Olav Axelson na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wafanyakazi wa viyeyushi, wapaka rangi wakiwamo, walikuwa wakistaafishwa mapema kwa maradhi ya akili na mishipa ya fahamu kuliko ilivyotarajiwa. Wapinzani walisema ni pombe. Miaka minne baadaye, nchini Denmark, Sigurd Mikkelsen alifanya jambo rahisi na la busara: aliwalinganisha wapaka rangi wa Copenhagen na waashi wa Copenhagen. Waashi ni watu wa mitaa ile ile na majengo yale yale, na baada ya kazi hukaa katika baa zile zile. Kinachowatenganisha ni kopo. Wapaka rangi walipatikana wakipewa pensheni ya ulemavu kwa sababu ya kupoteza kumbukumbu mapema zaidi ya mara tatu kuliko waashi.

Nilipousoma ulinganisho huo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Mjomba wangu alikuwa na rafiki mwashi, walioanza naye kazi wakiwa vijana na kujenga naye nyumba nyingi za Tanga. Yule mzee alikuja msibani, akatutajia majina ya wenye nyumba zote walizozijenga pamoja, moja baada ya nyingine, tangu miaka ya sitini. Najua mifano miwili si utafiti, na ndiyo maana nimekwepa kuijengea hoja. Lakini hakuna kanuni ya taaluma inayonizuia kuikumbuka.

Wanazuoni waliendelea kubishana juu ya ukubwa wa madhara hayo, na tafiti za baadaye hazikukubaliana zote. Denmark haikusubiri ubishi uishe. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu, na mwaka 1982 ikatoka amri iliyoweka namba mbili katika kila kopo la kazi. Namba ya kwanza, kuanzia 00 hadi 5, hueleza hewa kiasi gani inahitajika ili mvuke usimdhuru anayeupumua. Ya pili, kuanzia 1 hadi 6, hueleza hatari ya kugusa au kumeza. Kwa kazi za ndani fundi alitakiwa kutumia yenye namba ndogo inayofaa kazi hiyo, na kwa kuta na dari hiyo ilimaanisha rangi ya maji. Jambo ninalolistahi katika mfumo huu ni kwamba namba haikuandikwa kwa ajili ya mkemia. Iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyeshika brashi, ili aweze kumwambia mwajiri wake: hii siipigi humu ndani. Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Ni kazi yenyewe iliyowekwa humo, wala si kemikali moja.

Njia hizo mbili, ya mji uliotaka kuona milima yake na ya mafundi waliotaka kubaki na kumbukumbu zao, zilikutana katika agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2004. Kwa rangi za ndani zisizong'aa, liliruhusu gramu 400 kwa lita kwa zile za kiyeyushi kuanzia mwaka 2007, na gramu 30 kuanzia 2010. Gramu 30 ni njia ya kiungwana ya kusema rangi hiyo isitengenezwe tena.

Nisieleweke kwamba rangi ya maji ni maji. Ndani yake mara nyingi mna kiyeyushi kidogo kinachosaidia matone ya gundi kushikana, na mna viuavijidudu vya kuzuia kopo lisioze. Baadhi ya viuavijidudu hivyo vimewaletea mafundi wa Ulaya mzio mbaya wa ngozi. Wala vita vya hewa havijaisha huko Los Angeles. Mwaka 2018 watafiti walichapisha katika jarida la *Science* kwamba, kwa kuwa magari yamesafishwa sana, rangi, gundi, manukato, dawa za usafi na bidhaa nyingine kama hizo sasa huchangia takriban nusu ya mivuke ya asili ya petroli katika miji ya nchi zenye viwanda. Ukipunguza moshi wa mshukiwa mkubwa, wadogo huonekana.

Kwetu Afrika Mashariki mjadala wa rangi umekuwa zaidi juu ya madini ya risasi, na ni haki uwe hivyo, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Lakini risasi hubaki ukutani na kushuka kama vumbi, ilhali kiyeyushi huondoka siku ile ile. Rangi inaweza kuwa haina risasi hata kidogo na bado ikamlevya fundi. Jua la kupika ozoni tunalo mwaka mzima, na foleni za magari za kuleta oksidi za naitrojeni Dar es Salaam na Nairobi hazijambo. Ninachokiona kikikosekana ni gramu zilizoandikwa mahali ambapo fundi atazisoma, na mtu wa kumuuliza mgonjwa kazi yake.

Nilirudi ukumbini siku ya tatu. Harufu ilikuwa imekwisha, kama nilivyoahidiwa. Makopo matupu yalikuwa yamepangwa chini ya ngazi, nikalichukua moja na kulisoma kwa mwanga wa dirisha, ambalo sasa lilikuwa limefunguliwa. Liliandikwa jina la rangi, ukubwa wa eneo litakalofunikwa kwa lita moja, saa za kukauka, na kiasi cha thina cha kuongeza. Gramu hazikuandikwa. Fundi kijana aliyekuwa akikunja maturubai aliponiona nimelishika alidhani nalitaka la kuchotea maji. Akaniambia nichukue tu, mwalimu, ila kama ninayo nimwachie hela ya maziwa.